Mpiga Picha, Uliza Vizuri; Ukijibiwa kwa Kudhaniwa, Usikasirike

Kila msimu wa mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, swali moja huzunguka miongoni mwa vijana wanaoishi kwa kamera: "Nikipiga mchana sura zinatoka giza, nifanyeje?" Majibu yake unaweza kuyataja kabla hayajatoka mdomoni. Wa kwanza: "Kamera yako imechoka, tafuta nyingine." Wa pili: "Hujajua misingi, kasome kwanza." Wa tatu anacheka: "Mchana wa Dodoma nani anapiga picha?" Aliyeuliza anaondoka na aibu yake, waliojibu wanaondoka wakijiona wamesaidia, na kesho yake mhitimu mwingine anakabidhiwa picha ambayo hata mama yake hayaoni macho ya mwanawe.

Watazame wale watatu bila hasira. Kila mmoja alijibu mtu aliyemjenga kichwani mwake. Wa kwanza alimwona mtu mwenye kifaa kibovu, wa pili mtu asiyejua kitu, wa tatu mtu mwenye uhuru wa kuchagua saa ya kazi. Swali halikumwambia yeyote kati yao kwamba mambo si hivyo. Hapo ndipo ushauri wangu unapoanzia: dhana nyingi tunazolalamikia hukaa kwenye pengo tuliloliacha sisi wenyewe katika swali. Ziba pengo hilo, nyingi hazitapata pa kukaa. Zitakazobaki ni chache, na zina namna yake ya kujibiwa.

Funga unachokijua, fungua unachokitafuta

Ukionyesha picha na kuuliza, "Hii nzuri?", umempa mwenzako milango miwili tu, na mmoja kati ya hiyo ni wa kukuvunjia heshima. Mtu mwenye adabu atasema, "Nzuri sana, hongera," nawe hutajifunza lolote. Ukiuliza, "Ninunue Canon au Nikon?", utaanzisha ushabiki kama wa Simba na Yanga. Maswali ya namna hii yamefungwa: jibu limekwisha kupangwa ndani ya swali, aliyeulizwa anachagua upande tu.

Wengi wakishajua hilo hukimbilia upande wa pili. "Nishaurini kuhusu upigaji picha." Swali hilo liko wazi kama mbuga ya Bahi; mtu anaweza kutembea humo kutwa nzima asifike popote. Swali la kazi lina nusu mbili. Nusu ya kwanza inafunga kila unachokijua, ili mtu asikubahatishie. Nusu ya pili inaacha wazi kile kimoja unachokitafuta.

Lile swali la mahafali lingeweza kuulizwa hivi: "Nilipiga saa saba mchana, uwanjani, jua likiwa kali. Natumia lenzi ya milimita 50. Niliweka tundu f/4, shata 1/2000, ISO 100. Shati jeupe limetoka vizuri, lakini macho yamezama kwenye kivuli cha kofia. Nimejaribu kuongeza mwanga, shati likapauka. Flashi sina, na saa siwezi kubadilisha kwa sababu ratiba ni ya chuo. Palepale uwanjani, ni vitu gani vingine ninavyoweza kubadilisha?"

Sasa mwenye kusema "tafuta kamera nyingine" atajiona amekosea njia. Aliyewahi kuhangaika na jua hilohilo atasema: mgeuze mhitimu mgongo wake uelekee jua, mbele yake kuwe na ukuta mweupe unaopigwa na jua ili mwanga urudi usoni. Mwingine atasema: rafiki yake ashike kadibodi nyeupe kifuani, chini kidogo ya fremu. Mwingine: msogeze kwenye ukingo wa kivuli cha jengo, uso utazame nje palipo na mwanga. Mwingine: piga moja bila kofia. Majibu manne, na hakuna aliyekudhania.

Vitu vya kufunga ni vinne: ulipiga wapi na saa ngapi, kamera ilipangwaje, ulitaka nini, na umeshajaribu nini. Hicho cha mwisho ndicho kinachookoa heshima yako, kwa sababu anayesikia umejaribu njia mbili zikashindwa hawezi kukuambia kwamba umekaa ukisubiri kutafuniwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwenye picha, anayeficha mipangilio yake kwa kuogopa kuchekwa hupata ushauri wa picha ya mtu mwingine.

Usidharau pia hilo la wapi na saa ngapi, hasa ukiuliza watu wa mbali. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halifuati serikali. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam, hivyo jua hutufikia kwa kuchelewa kama robo saa. Utosini hasa hufika karibu na saa sita na nusu mchana. Mtu wa Pwani akikwambia "anza kupiga saa kumi na moja kamili jioni", anasema kweli ya kwake, kwenye hewa yenye unyevu wa bahari. Huku juu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, kiangazi kina hewa kavu na vivuli vikali, na upepo wa Septemba huja na vumbi. Bila kujua uko wapi, atakupa jioni ya Kigamboni.

Kuna swali la kutaja nia, na kuna swali la kuificha

Unapotafuta msaada wa kiufundi, taja nia yako waziwazi. Unapotaka kujua picha yako inasema nini, ifiche nia hiyo. Wengi hufanya kinyume chake. Huficha nia wanapoomba msaada, kisha wanapotaka maoni huanza na hotuba: "Hapa nilitaka kuonyesha upweke wa mzee." Baada ya hapo kila mtu ataona upweke, hata kama mzee alikuwa anasinzia tu.

Mkoa wetu una somo kubwa la jambo hili. Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. Katika mchoro mmoja wenye watu wembamba waliosimama kwa mstari, yeye aliona mtu wa katikati, mwanamke, akivutwa na watu wawili kama waliovaa vinyago, huku wenzake wakimzuia asichukuliwe. Mchoro ukapata jina la utekaji, na wageni wengi waliofuata waliona utekaji. Baadaye mtafiti David Lewis-Williams aliutazama kwa namna nyingine. Akauhusisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambamo mchezaji huingia katika hali isiyo ya kawaida na wenzake humshika. Rangi ileile, mwamba uleule, lakini mmoja anaona ugomvi na mwingine anaona wenzake wakimsaidia mtu. Sihitaji kuamua nani yuko sahihi. Ninachokiona ni kwamba jina likitangulia, macho hufuata.

Basi ukitaka kusikia picha yako, usiipe jina kwanza. Iweke mezani na uulize: "Jicho lako limeanzia wapi?" "Unadhani nini kilitokea kabla ya hapa?" "Kuna kitu kinakusumbua?" Halafu nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kuliko kupanga kamera. Ulimi utakuwasha ukitaka kujitetea. Ukishasikia watatu, ndipo useme ulichokusudia, na pengo kati ya kusudi lako na walichokiona ndilo somo lako la siku.

Kolo hiyohiyo inafundisha kuuliza watu unaowapiga picha na wenye mahali. Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro hiyo, si makumbusho tu. Wenyeji bado huenda pale kwa matambiko. Mpiga picha anayefika na kumuuliza mwongoza wageni wa pale, "Naruhusiwa kupiga?", atapata ndiyo, basi. Akiuliza, "Watu wa hapa wanapatumiaje mahali hapa, na wangependa mgeni afanye nini na aache nini?", ataambiwa mambo ambayo hakuna bango linaloyaeleza. Atajua pia kwamba kumwagia mchoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha ni kuuharibu.

Dhana si tusi

Kabla ya kumkasirikia anayekudhania, ikumbuke kamera iliyo mkononi mwako, kwa maana nayo hudhani kila unapobonyeza. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kikiamini kwamba dunia, ikichanganywa yote, ni ya kijivu cha kati. Ukielekeza kwenye shela la bi harusi lililojaza fremu, itadhani mwanga umezidi na kulififisha. Ukielekeza kwenye joho jeusi, itadhani ni giza na kuongeza mwanga mpaka uso upauke. Anga nyeupe ya Dodoma nyuma ya mtu huifanya iuzamishe uso wake.

Dhana hizo zina historia. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote, na sura za watu weusi zilitoka zimepoteza maumbile yake. Marekebisho yalikuja pale watu walipolalamika kwa kutaja hasa kinachokosekana. Miongoni mwao walikuwamo watangazaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliotaka rangi za kahawia zitofautishwe.

Mpiga picha mzoefu haigombezi kamera inapodhani vibaya. Anashika kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, anaipa taarifa ambayo haikuwa nayo: shela ni jeupe kweli, ongeza, joho ni jeusi kweli, punguza. Mtu anayekujibu kwa kudhani anastahili kwanza jambo hilohilo, yaani taarifa. Hasira haimwambii alichokosa kukijua.

Aina za dhana, na la kusema

*Dhana ya mfuko.* "Nunua kamera kubwa." Usiikatae kabla ya kuipima. Uliza: "Kifaa hicho kingebadilisha nini hasa kwenye picha hii?" Kama ulipiga ibada ya jioni ndani ya kanisa lenye taa hafifu kwa lenzi iliyoishia f/5.6, anaweza kukueleza kwamba lenzi ya f/2 huingiza mwanga mara nane zaidi. Hapo jibu la mfuko lina haki. Lakini kama tatizo lako ni kivuli cha kofia saa saba mchana, kamera ya mamilioni itakionyesha kivuli hichohicho kwa usafi zaidi. Mwambie: "Ahsante, siku ya kununua nitakutafuta. Kwa hii niliyonayo, nianzie wapi?"

*Dhana ya daraja.* "Wewe bado mchanga." Usianze kuhesabu miaka yako na harusi ulizopiga, ukifanya hivyo mazungumzo yataacha picha na kuhamia kwenye wasifu wako. Kubali lililo kweli, kisha umrudishe kazini: "Ni kweli bado najifunza. Katika misingi unayoisema, ni upi ulioanguka kwenye picha hii?" Mwenye elimu atakuonyesha. Asiyekuwa nayo atabadilisha mada, nawe utakuwa umejua unazungumza na nani bila kumwaibisha.

*Dhana ya nia.* Umempiga mchungaji wa Chamwino akirudi na ng'ombe jioni, na mtu anakwambia, "Vumbi limekuharibia, ungesubiri litulie." Kumbe vumbi ndilo ulilolitaka. Kosa ni lako kwa kutolisema, liseme sasa: "Vumbi nimelitaka. Ninachotafuta ni mchungaji aonekane ndani yake." Swali hilo jipya lina majibu mazuri: zunguka mpaka jua liwe nyuma ya vumbi na fimbo yake ijichore, au subiri ng'ombe wapite aje peke yake palipo na nafasi.

*Dhana ya jinsia.* "Dada, hiyo kamera ya kaka?" Wanawake wanaoshika kamera kwenye harusi na mikutano ya hapa mjini wanaijua. Hii haizaliwi na pengo kwenye swali, na huna deni la maelezo marefu. Jibu fupi linatosha: "Yangu. Nilikuwa nauliza kuhusu flashi." Sauti ya kawaida, na swali linarudi mezani. Akirudia, muulize mwingine. Mazungumzo ya kazi hayakulazimishi kumfundisha kila mtu adabu.

*Dhana ya mahali.* "Dodoma kuna nini cha kupiga? Jangwa tu." Anayesema hivi mara nyingi alipita kwa basi mwezi wa Oktoba. Mpe tarehe: aje Februari, mvua zikiwa zimenyesha, aone kijani kati ya mawe na mibuyu, apite Mpunguzi au Hombolo wakati wa mavuno ya zabibu, ambazo huku huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kisha uliza lako upya: "Kwa mtu anayepiga nchi kavu kama hii, mwanga wa saa ngapi umekufaa wewe, na wapi?" Hilo neno "wewe" lina kazi kubwa. Linamtoa mtu kwenye hukumu na kumpeleka kwenye alichokifanya kwa mikono yake.

Kuna mahali pa kuacha. Ukishatoa taarifa, ukauliza upya mara moja, na mtu bado anajibu mtu aliyemjenga kichwani, sema "Nimekusikia, ahsante," na uondoke. Kumshinda kwa maneno hakutaongeza mwanga kwenye picha yako.

Wazee, na watani

Hali hubadilika anayekudhania akiwa mzee mwenye studio iliyofanya kazi tangu enzi za filamu na chumba cha giza. "Nyinyi wa dijitali hamjui mwanga, mnabonyeza tu." Kumwambia "umekosea mzee" ni kujifungia mlango kwa mkono wako. Anza na shikamoo, kaa, acha aongee. Kisha muulize jambo ambalo dhana yake imeligusa: "Mzee, enzi za filamu mlipokuwa hamwoni picha papo hapo, mlijuaje kwamba uso umepata mwanga wa kutosha?" Umemfungulia. Huenda akakupa kanuni ya jua kali: tundu f/16, shata iwe moja chini ya namba ya filamu, yaani ISO 100 kwa 1/100 au iliyo karibu nayo. Kanuni hiyo inafanya kazi kwenye kamera yako ya mwaka huu kama ilivyofanya kwenye yake, na haidanganywi na joho wala shela.

Na kabla ya kukasirika, hakikisha hukutaniwa. Kwenye mji huu watu wa kila kabila wamekusanyika, na utani wa makabila uko kwenye kila kijiwe. "Mtu wa kwenu anajua kamera au anajua kula tu?" linaweza kuwa neno la undugu. Utani hujibiwa kwa utani, kisha swali hurudiwa. Ukiujibu kwa uchungu, umejitoa mwenyewe kwenye meza ambayo majibu yalikuwa yanakuja. Ila utani wenye kiwembe, unaorudi kila siku kwa mtu mmoja mbele ya wateja wake, si utani tena. Mwite aliyeutoa pembeni umwambie, usimwambie hadharani.

Zamu yako ya kujibu

Siku itafika utaulizwa wewe, na swali litakuja na mapengo kama lako la zamani. Jizuie kulijibu mara moja. Uliza mawili kwanza: "Ulitaka itokeje?" na "Umeshajaribu nini?" Mara nyingi mwenye swali hujijibu mwenyewe akiwa anaeleza. Kama bado hujaelewa, sema dhana yako kwa jina lake: "Nadhani ulipiga mchana, nisahihishe kama sivyo." Dhana iliyotajwa waziwazi husahihishwa kwa neno moja. Iliyofichwa ndani ya ushauri humfanya mtu ajihisi mjinga bila kujua kwa nini.

Rudisha matokeo

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mrejesho. Tunauliza, tunajibiwa, tunapotea. Ukishapiga tena, rudi na picha mbili, ya kabla na ya baada, uwaonyeshe walewale: "Nilitumia ukuta mweupe kama ulivyosema; kadibodi ilipeperushwa na upepo." Utawapa nao cha kujifunza, na safari nyingine watakujibu wakikujua. Na ikitokea kwamba yule aliyekudhania, aliyesema lenzi yako haiwezi kazi ya kanisani, alikuwa sahihi, mwambie hivyo mbele ya watu walewale waliokuwapo alipokudharau. Hutapungukiwa na kitu. Utakuwa umekionyesha kijiwe kizima kwamba hapa anayetafutwa ni mwanga, na mwanga hupokelewa hata ukitoka upande usioupenda.